Wimbo Tuliokuwa Tukipigia Pasi

Dobi la Dada,
Mtaa wa Nyuma, mlango wa 14.
Jumatano, tarehe 4, mwezi wa tisa.

Mdogo wangu mpendwa,

Kwanza habari za huko. Goti lako bado linakusumbua, au fundi wa lifti siku hizi umepata akili ya kupanda na lifti yako mwenyewe? Wifi yangu hajambo? Na mwanangu, ambaye Mama anamjua kwa picha mbili tu, moja kalala na nyingine kanuna, anaendeleaje? Nasikia ameanza shule. Mwambie shangazi yake anamsalimu na anataka kujua amefika kuhesabu ngapi.

Sisi huku ni wazima kwa sehemu kubwa. Sehemu ndogo iliyobaki ndiyo iliyonishikisha kalamu. Najua utauliza kwa nini sikupiga simu. Kwenye simu unanichekesha, nami nacheka, dakika saba zinakwisha na tumeagana bila kuambiana kitu. Karatasi haichekeshwi.

Kazi inaendelea. Ulipoondoka ulipaacha hapa pana pasi moja ya mkaa na meza ya kuazima. Sasa ni meza sita, pasi sita za mvuke, mashine mbili kubwa za kufulia, makoti ya zahanati mbili na mashati ya wahudumu wa hoteli. Hakuna aliyenishika mkono. Sijisifu, nakupa hesabu kama ilivyo.

Mama bado anashona vifungo pale kwenye kiti chake karibu na mlango. Jicho la kulia lilizima mwaka jana, hilo nilikueleza. La kushoto nalo presha ya macho inalila taratibu. Daktari wa macho aliniambia nikunje kiganja, nichungulie kwenye upenyo wake, ndivyo Mama anavyoona sasa. Nilichungulia. Ni kama kuitazama dunia kupitia tundu la kifungo. Alisema apasuliwe ili hicho kilichobaki kisiondoke, na tukapewa tarehe 29 ya mwezi uliopita. Shika tarehe hiyo, nitairudia.

Sasa nikueleze habari ya televisheni, na usiseme dada amezeeka. Jumamosi saa moja jioni kuna tamthilia ambayo mimi na Mama hatuikosi. Watu wanazungumza mambo yao ya kawaida, mara mmoja anaanza kuimba, na kinachoimbwa si wimbo mpya, ni wimbo tuliokwisha kuusikia hadi tukauchoka. Ule wa disko tuliokuwa tunarukaruka nao shuleni, waliutia mdomoni mwa mwalimu aliyefukuzwa kazi, anauimba polepole huku anafuta ubao kwa mara ya mwisho. Mama anasikiliza zaidi ya kutazama. Mimi namsimulia: sasa amekaa, sasa ameshika chaki.

Unaukumbuka wimbo wa “Nipo njiani, usifunge mlango, nipo njiani, viatu mkononi”? Huwezi kuwa umeusahau. Ni kichekesho cha mlevi anayenyata kurudi kwa mkewe, amevua viatu asisikike. Wewe ndiye uliyeuleta nyumbani, ukatuimbia siku nzima mpaka Baba akakutupia ndala.

Huujui mwisho wake. Wimbo huo ndio saa ya dobi langu. Chumba cha pasi kina saa ukutani, lakini kufika saa tatu asubuhi mvuke umeshaifunika, huoni mshale. Nikapima: wimbo una dakika tatu na sekunde ishirini, na shati moja likipigwa vizuri linataka hizo hizo. Ubeti wa kwanza kola na mabega. Kiitikio, mikono. Ubeti wa pili, mgongo. Kiitikio tena, vifua viwili, na vinanda vya mwisho ni kukunja. Anayekuja kuomba kazi simuulizi cheti, namwekea wimbo na shati. Ukitoa muda wa kutundika na kuchukua jingine, kwa saa moja kila meza inatoa mashati kumi na sita, meza sita tisini na sita. Miaka tisa hesabu hiyo haijanidanganya. Na katika miaka tisa hakuna aliyesikiliza maneno, maana maneno yalikuwa kola na mikono.

Basi Jumamosi ya tarehe 10 wakauweka kwenye tamthilia. Wodi ya hospitali. Mama mtu mzima kitandani, amekuwa akimngoja mwanawe tangu sehemu ya tatu. Kengele ya kumaliza muda wa kutazama wagonjwa inalia, wageni wa vitanda vingine wanaondoka, mlango unabaki wazi kidogo. Yule mama anatoa chini ya mto jozi ya viatu vya mtoto, vidogo, vimepinda visigino. Anavishika, anautazama mlango, na anaimba, “Nipo njiani, usifunge mlango.” Anaimba kwa nafsi ya mwanawe. Anamsemea yeye, maana mwenyewe hakuja kusema. Alipofika “viatu mkononi” mhudumu alikuwa anazima taa moja moja.

Niliupima. Dakika tano na sekunde kumi. Hawakuongeza neno hata moja, hawakupunguza. Walichofanya ni kumwondoa mlevi na kumweka mama pale alipokuwa. Mdogo wangu, mimi ni mtu wa kutazama kilichoingia na kilichotoka, na hapa hakikuingia kitu wala hakikutoka, lakini wimbo uliotoka si ule ulioingia. Kicheko chote kilikuwa kimejaa uongo wa mtu anayeahidi kufika, na sisi tulikuwa tunaunyooshea mashati.

Sikumsimulia Mama habari ya viatu. Aliniuliza, “Ameshika nini?” Nikamwambia kitambaa.

Jumatatu nikawasha wimbo kama kawaida. Kumbe wote walikuwa wametazama. Yule tunayemwita Kola, fundi wangu wa kwanza, unamkumbuka, yule mrefu aliyekuwa akikubeba begani, aliweka pasi chini katikati ya kiitikio.

“Dada, badilisha wimbo. Hapa tunapiga pasi au tuko msibani?”

Mama Mapacha wa meza ya tatu akamrukia. “Wewe kelele zote hizo, na kamasi imekufika mdomoni!”

“Mvuke huo.”

“Mvuke unaotokea puani? Basi wewe ni pasi, tukuchomeke ukutani.”

Walicheka, lakini kwa saa ile ya kwanza nilipata mashati hamsini na manane, mawili kati yake yameungua kola. Nikaweka wimbo mwingine wa dakika mbili na nusu, mashati yakatoka mikono haijaguswa. Nikaweka wa dakika nne na nusu, watu wakapiga soga kwenye mabega. Nikarudisha ule ule. Sasa wanafanya kazi nao kimyakimya, hakuna anayeitikia. Hesabu imepanda hadi themanini na nne na imegoma hapo.

Hayo ya mashati ningeyamaliza mwenyewe. Lililonishinda ni Mama.

Tangu Jumamosi ile, kila tukifunga jioni, ananizuia mkono. “Usifunge kwanza.” Nakaa dakika kumi. “Bado kidogo.” Ishirini. Siku ya Jumatatu ya wiki iliyofuata tulikaa saa nzima na dakika tano, mlango wazi, mbu wanaingia, mimi nimesimama na kufuli mkononi, na tangu alfajiri sijakaa kitako. Nikasema, Mungu anisamehe, “Mama, twende nyumbani. Amepiga simu mchana. Yuko njiani.”

Akaniachia mkono, nikafunga.

Sikukutungia maneno. Ni maneno yako. Katika miaka kumi na moja umeniambia upo njiani mara kumi na nne, ninazo zote nyuma ya kalenda, kila moja na tarehe yake. Ya saba ni ya msiba wa Baba. Ulisema upo njiani, tukamweka siku mbili kukungoja, na ya tatu tukamzika, na mimi ndiye niliyesimama pale anaposimama mtoto wa kiume, kwa viatu vya kazini. Sijawahi kukutamkia hili. Nimelitamka sasa, tuendelee.

Nilidhani uongo wangu utaisha na usiku ule. Kesho yake Mama aliamka mapema, akachukua fimbo, akaenda mwenyewe hadi zahanati ya macho, akawaambia waifute ile tarehe 29. Aliwaambia mwanawe yuko njiani, na kwamba kisu kikiharibu asije akakosa kumwona. Nilijua siku ya saba, walipopiga simu kuthibitisha kwamba kweli tumeifuta. Daktari alinieleza kwa ukali, na alikuwa na haki: usipite mwezi mmoja kabla hajapasuliwa. Kila wiki tundu linafumwa kwa ndani.

Kwa hiyo uone tulipofika. Mimi nisiyezidisha hata kifungo kimoja nimezidisha neno moja nikalale mapema, na neno hilo linamla mama yetu jicho.

Jana, baada ya wafanyakazi kuondoka, nilivuta kibao nikakaa karibu naye. Alikuwa na koti la daktari mapajani.

“Mama, yule hakusema yuko njiani. Nilisema mimi.”

Akakata uzi kwa meno. “Najua.”

“Tangu lini?”

“Tangu uliposema. Wewe ukidanganya unakuwa na adabu. Uliniambia ‘Mama, twende nyumbani.’ Siku zote unasema ‘Inuka, bibi wewe, usiku huo.’”

Nikamuuliza kwa nini basi amefuta tarehe. Alishona kifungo kizima, matundu manne, kabla ya kujibu.

“Naogopa kisu. Nikasema nikijifanya namngoja mtoto, nani atanicheka? Ningekwambia naogopa, ungeniletea hesabu. Wangapi wamepasuliwa, wangapi wamepona.”

Mdogo wangu, ningemletea. Nilikuwa nayo tayari kwenye karatasi.

Nikamwambia nitakuandikia uje, kwa ajili yake. Akaniwekea sindano chini, jambo ambalo halifanyi akiwa na koti mkononi.

“Usinisingizie. Uso wake ninao, hata hili likizima. Wewe ndiye unayesimama na kufuli unatazama mtaa. Umeona ninavyokuzuia kufunga? Unazuilika upesi mno. Ukimwandikia kwamba mama anapofuka, atakuja kwa woga na ataondoka kwa woga. Mwandikie dada yake amechoka.”

Nilimjibu kwamba sijachoka. Akaniwekea koti mapajani. Nikakaa na lile koti, nikalipigia pasi bila wimbo wowote, na lilichukua dakika kumi na mbili.

Nimeandika kurasa nne kabla ya kuufikia mstari huu. Mdogo wangu, nimechoka. Mashati hayanichoshi. Nimechoka kuwa mtoto wa pekee ilhali tulizaliwa wawili. Nimechoka kumsimulia Mama kila kitu na kukosa wa kunisimulia mimi. Sikuombi utume chochote. Kinachotakiwa hakiingii kwenye bahasha.

Leo asubuhi tulikwenda pamoja, tumepewa Alhamisi tarehe 26 ya mwezi huu, saa mbili asubuhi. Mama ameweka kidole gumba kwenye fomu, nami sikumsomea hesabu yoyote. Barua hukufikia kwa siku nane, unabakiwa na kumi na nne. Ukiweza kuja, njoo, utanikuta benchi la nje ya chumba cha upasuaji. Ukishindwa, niandikie kwamba huji. Uandike hivyo hivyo, wazi, pasipo neno la kunipoza. Sitakuhesabia vibaya. Nitajua ni mkono wangu tu wa kumshika Mama, na jioni yake nitafunga mlango kwa wakati wake.

Mama anakusalimu, na amesema nisikuandikie kwamba alilia, kwa sababu hakulia. Kola anakusalimu na anauliza kama bado u mwepesi wa kubebeka. Mama Mapacha hakujui lakini naye anakusalimu, ana maoni yake juu yako, nimeyaacha. Msalimie wifi yangu kwa heshima zote, na umbusu mtoto kwenye paji la uso kwa niaba ya bibi yake.

Mungu akulinde huko juu kwenye kamba zenu za chuma, akushushe salama kila unapopanda, na akupe moyo wa kusema ndiyo kwa ndiyo na hapana kwa hapana.

Ni mimi dada yako, nikupendaye nikiwa nimekukasirikia, na nisipokuwa nimekukasirikia pia.