Kanda za Rejista Ziko Nyumbani kwa Clifford

Mpendwa mshauri, naomba msaada kabla sijamshtaki mtu bure. Nilipanda chai Chepseon, tukahamishwa na machafuko ya mwaka wa tisini na mbili, shambani sikurudi, na leo ni mtunza kumbukumbu katika kiwanda kilekile nilichopelekea majani, ambako namba yangu ya mkulima ndiyo ushahidi pekee kwamba niliwahi kuwa na shamba, kwa maana vitabu vya zamani vililoa vikatupwa, na sasa rejista ya wakulima iko kwenye seva ya Linux, kilo za majani kwenye nyingine ya Windows, na fundi wetu Clifford hunakili zote mbili kwenye kanda za sumaku, ila kila seva na kanda zake, nami nilipomuuliza kwa nini zisichanganywe akasema, "Mzee, hizi hazisikilizani, programu ya huyu haisomi kanda ya yule," jibu ambalo sikuliamini, basi mwezi jana nikamtaka afungue kanda ya rejista niliyoiweka mwenyewe kwenye kabati la chumba cha kukaushia chai, mahali pakavu ambapo sote huanika makoti, ikakataa kusomeka, akacheka mbele ya Winny wa masjala, "Wazee mnaweka kanda kama soksi!" na tangu hapo kanda za rejista hubeba kwenda kwake, za majani huacha. Kwa nini hizo tu? Nani anataka majina yetu yapotee?

G., Kericho

Mzee G., pole kwa shamba. Lakini kanda hiyo uliiharibu wewe. Joto la kukaushia chai linafaa koti lako. Kanda, joto hilo linaiua, na vumbi la chai linamalizia. Clifford alikwambia, ukasikia kicheko tu. Kutenganisha kanda pia si hila, programu za seva hizo mbili kweli hazisomani. Anabeba za rejista kwa sababu kilo za majani wakulima wana risiti zake, rejista haina nakala nyingine popote.

Hata hivyo hukukosea kuuliza. Kanda za kiwanda hazikai kwa mtu mmoja, awe mwaminifu namna gani. Mwandikie meneja kesho: seti moja ofisini, mbali na joto, nyingine nje ya kiwanda, penye kufuli na daftari la kusaini. Kila kanda iandikwe tarehe, seva na programu iliyotumika. Kisha Ijumaa Clifford arudishe rejista kutoka kwenye kanda hadi kompyuta tupu, wewe na Winny wa masjala mkitazama. Msipofanya hivyo, hamjui mna nini.

Namba yako ikiwepo, mwombe Clifford radhi, Winny akisikia. Ikikosekana, nenda kwa meneja bila kelele. Vyovyote vile, usiishie kwenye namba yako. Tafuta za majirani mliohama nao, moja moja. Wao hawana mtu kiwandani.