Bahasha ya Dereva

Jumanne, 5 Machi

Mume wangu ameondoka alfajiri. Mume wangu. Nimeandika mara mbili kwa raha zangu tu, hakuna atakayesoma.

Harusi Jumamosi, safari Jumanne. Yeye ni fundi wa jenereta kwenye kambi ya ujenzi wa daraja, mbali huko, na daraja halingoji fungate. Atarudi mwisho wa mwezi. Mlangoni alinishika uso kwa mikono yote miwili, kama mtu anayetaka kunywa maji. Akatoka. Akarudi tena — kasahau chaja. Hata usahaulifu wake naupenda.

Chumba kimejaa zawadi. Chupa za chai pekee zingetosha kufungulia mgahawa. Nimechemsha chai, nikajaza moja, chai ya watu wawili. Nimeinywa mpaka jioni.

Jumatano, 6 Machi

Mtandao wa kambini mbovu. Ameandika: nimefika salama mpenzi. Nimeisoma mpaka simu ikazima.

Alhamisi, 7 Machi

Nimeitoa suti yake ya harusi niipige pasi. Uongo. Nimeitoa niinuse.

Mfuko wa ndani una bahasha mbili! Moja kaandika "Mfungishaji", nyingine "Dereva", kwa ule mwandiko wake wa kulalia upande. Bakshishi zao. Alizipanga kabisa, halafu furaha ikamsahaulisha. Jamani, mwanamume wa kupanga mambo hivi, mimi nimempata wapi?

Nilimpigia wifi, dada yake. Hajaolewa lakini mambo ya harusi anayajua yote. Akasema dereva hupewa akishazima gari, kabla bibi harusi hajateremka, na unaongeza kidogo kama kaliosha na kulifunga utepe mwenyewe. Mfungishaji ndoa hupewa pembeni, bila maneno mengi. "Sasa wewe wifi unampelekea mtu bakshishi wiki nzima imepita, kama unarudisha sufuria?"

Nikasema nitapeleka. Nina kazi gani nyingine?

Jioni mume wangu kapatikana hewani. Nikamwambia nilichokiona. Akacheka, akasema ya mfungishaji nimpelekee, ni aibu kweli. Ya dereva niache, nisijisumbue. Nikamwambia hapana, yule ndiye wa kwanza kwangu. Akasema tena, usijisumbue. Kisha mtandao ukakata.

Ananihurumia jua. Lakini nitakwenda. Yule dereva alinipa zawadi ambayo hakuna aliyeifunga kwenye karatasi. Siku ile tulipofika mjini hakunipeleka moja kwa moja. Alizunguka na mimi ule mzunguko wenye bustani, tukazunguka, tukazunguka, honi zinalia. Akasema bibi harusi lazima mji umwone. Nilimpungia mkono kila mtu — wauza viatu, askari wa barabarani, mzee mmoja na baiskeli yake. Sijawahi kupendwa na mji mzima namna ile.

Jumamosi, 9 Machi

Nimekwenda kwa mfungishaji, kwenye ofisi ya ndoa. Nilivaa viatu vyangu vya harusi. Benchi la nje limejaa watu wa harusi nyingine, nikakaa nao, mwanamke mmoja akaniuliza mimi ni wa upande gani.

Mfungishaji hakunikumbuka. Nilidhani uso wangu siku ile hausahauliki. Alivua miwani, akaivaa, akatabasamu kwa adabu. Nilipomtajia saa, ndipo akashtuka. "Aa, nyinyi! Bwana harusi aliyetuchelewesha."

Nikamwambia hapana mzee, mimi ndiye niliyechelewa, gari lilikuwa linanizungusha mjini.

"Binti yangu, wewe ulipoingia yeye alikuwa hata jasho halijamkauka. Wazee wa pande zote mbili walishaanza kutazamana."

Bahasha hakuipokea. Akasema analipwa mshahara, na hapo ofisini bahasha ikionekana haiitwi bakshishi, inaitwa jina lingine. Kama nina shukrani, kuna mama anayepanga viti, huyo hakumbukwi na mtu. Nikampa. Yule mama alinishika mkono, akaniuliza mume hajambo? Nikasema hajambo sana.

Jumapili, 10 Machi

Amepiga. Nimemuuliza kwa nini alichelewa siku yetu. Akasema foleni.

Hakukuwa na foleni. Lakini labda upande wake ilikuwepo. Ana sauti nzuri, hata neno foleni linapendeza akilisema.

Jumanne, 12 Machi

Dereva nimemkuta anaosha gari. Watu wanamwita Taratibu kwa uendeshaji wake. Lile lile jeupe, kipande cha utepe bado kimenasa mlangoni. "Bibi harusi! Umekuja kudai utepe wako?"

Nikatoa bahasha. Akaficha mikono nyuma, yenye povu. Akasema bwana alishampa. Tena nono, kwa simu, asubuhi ile ile.

Nikasema, asubuhi? Bakshishi kabla ya kazi?

"Si ya kukuzungusha mpaka anipigie."

Akaona uso wangu. Akashika kitambaa, akaanza kufuta kioo kilichokwisha kauka. Nikamuuliza mume wangu alikuwa wapi. Akasema yeye dereva, haingilii mambo ya watu. Nikasimama pale pale. Mwishowe akasema alimshusha ofisini kwa kampuni yao, na suti yake mwilini, kusaini tu na kutoka. Wakubwa wakachelewa.

Kusaini nini?

"Si ile kambi ya pili, ya mpakani? Mkataba wa miaka miwili." Kisha akasema, polepole, "Shemeji, mimi nilijua unajua. Alisema anakutafutia hela ya nyumba."

Miaka miwili. Na mimi nilikuwa nampungia mkono mzee wa baiskeli.

Nikamsukumia tena bahasha. Akasema akipokea mara mbili atakuwa mwizi. Basi, nikasema, nifanyie kazi yake. Nizungushe.

Naandika humu humu garini, mwandiko unaruka. Nimekaa nyuma, mahali pale pale. Bila honi. Muuza viatu ameinua kichwa, akainama kwenye viatu vyake. Mzunguko huu una bustani ndogo kuliko nilivyoikumbuka. Maua yenyewe yamekauka upande mmoja.

Nitamsamehe, najijua. Akinishika uso vile nitamsamehe kabla hajafungua mdomo. Lakini mikono yenyewe iko darajani.

Simu inalia. "Mume Wangu", na ule moyo mwekundu niliouweka mwenyewe. Taratibu kaisikia, kanitazama kwenye kioo. Kapunguza mwendo. Anauliza kama sasa tutoke.

Nimemwambia bado. Azunguke. Inalia tena