Swali Nililomuuliza Kaka Fridolin

Mama yangu mpendwa,

Tumsifu Yesu Kristu, na shikamoo. Naamini barua hii inakukuta salama huko Mahenge kwa Mama Mkubwa, presha imetulia, na vidonge unameza hata siku unazojisikia mzima. Sisi hatujambo. Mpunga umebeba vizuri, na ndege wameshajua.

Nakuandikia kwa sababu simu zangu hupokei. Sababu ninaijua. Mzee Polikarpo, jirani yetu, alipanda basi habari ikiwa bado ya moto, akakufikishia kwamba nimemvua nguo kaka Fridolin mbele ya kijiji kizima. Hajasema uongo, ila ameibeba nusu. Nusu nyingine ninayo mimi, na naomba uisome yote kabla hujakasirika upya.

Unajua kijiji chetu kinavyokuwa wakati wa masika. Wote tunahamia mashambani kule bondeni, tunalala kwenye madungu kulinda mpunga, na nyumbani yanabaki makufuli na kuku wakaidi. Anayeugua anapanda hadi zahanati kwa nesi Agnetha, akishapewa dawa anarudi kwa ndege wake. Sasa mwaka huu likapita gari la ofisini kwa kaka, kule wilayani, wakapiga picha nyumba zilizofungwa, wakaondoka bila kuteremka bondeni. Haukupita muda tukasikia kuna ripoti kwamba kijiji kimehamwa kwa sababu ya mafuriko, kwa hiyo Agnetha na dawa zake wanapelekwa kwingine. Na ripoti ilikuwa na saini ya kaka.

Mama, niliogopa sana. Agnetha ndiye anayekupima wewe presha, na ndiye aliyemwokoa Beno wangu alipopata degedege. Bila yeye ni bodaboda hadi Mlimba, na masika bodaboda yenyewe inakwama njiani. Kila nikimwangalia Beno amelala dunguni najiuliza homa ikirudi nitamkimbiza wapi.

Kaka akatumwa yeye mwenyewe kuja kutusomea uamuzi kwenye mkutano wa kijiji, bosi wake ameketi pembeni. Tulipanda kutoka bondeni na matope yetu miguuni. Alipofika mahali palipoandikwa kwamba wazee wa kijiji wamehojiwa na kuthibitisha kuwa watu hawarudi, Mzee Polikarpo alisimama akasema kwamba mzee kuliko yeye hapa yuko makaburini, na yeye hajaulizwa hata jina lake. Bosi akamjibu kwamba hiyo ni taarifa ya kitaalamu.

Ndipo nikasimama mimi. Nilimwita kaka kwa jina lake, nikamtaka aseme ni mzee gani alihojiwa, na ripoti ile aliiandika nani. Watu waliguna. Nyuma yangu nilisikia wakisema kwamba watoto wa tumbo moja hawafanyiani hivi.

Kaka alinitazama. Kisha akasema kwamba hakuna mzee aliyehojiwa. Alieleza kwamba ripoti iliandikwa na akili unde, programu ya kompyuta ambayo ukiipa picha na maneno machache inakutungia maelezo marefu, na palipokuwa na pengo ilijitungia wazee. Akasema yeye alitia saini bila kuisoma vizuri, kwa hiyo kosa hawezi kulisukumia kompyuta. Bosi alifuta miwani ambayo haikuwa chafu. Mtendaji wetu wa kijiji akayaandika yote kwenye muhtasari, na watu hawakukubali kuondoka mpaka yasomwe kwa sauti.

Uamuzi umefutwa, Mama! Gari lilirudi, na safari hii waliteremka hadi bondeni, wakachafuka, wakatukuta. Agnetha habanduki. Nilipoambiwa nililia hadi Beno akaniuliza nani amekufa.

Sasa nikueleze nililokuficha. Jumapili kabla ya mkutano kaka alinipigia. Alisema ameshagundua ile ripoti ni ya uongo, na ameomba ofisini wananchi waambiwe imetungwa na kompyuta, akaambiwa anyamaze, watu watapoteza imani. Lakini swali likiulizwa mkutanoni lazima lijibiwe na liandikwe. Akaniomba niulize mimi. Nilikataa, Mama, nikamwambia atafute mtu mwingine. Akasema mtu mwingine yeye anaweza kumpiga chenga, ila nikisimama mimi na kumtazama hataweza kudanganya.

Alinisihi nisikwambie mpaka ajue kama kazi imebaki, maana aliiogopa presha yako kuliko bosi. Jana amejua. Amepewa onyo, kazi anayo. Na kuanzia sasa ripoti yoyote iliyoandikwa na akili unde itasema hivyo waziwazi, itaje na jina la mtu aliyeihakiki, na isomwe kijijini kabla ya kuamua lolote. Pendekezo hilo ni la mwanao, usimwambie nimekwambia, ataringa.

Yuko hapa likizo. Anafukuza ndege shambani kwangu hadi sauti imemkauka, na Beno anamcheka. Msalimie sana Mama Mkubwa, na Mzee Polikarpo akija tena mpe chai, kisha mpe na nusu hii.

Jumapili baada ya misa nitakupigia. Ukiona jina langu na moyo bado mzito, pokea hivyohivyo, Mama. Atakayesema shikamoo wa kwanza ni kaka.

Mwanao akupendaye,
Digna