Mstari Uliogoma

Wifi yangu wa damu,

Salamu hizi zikukute umekaa, maana ninavyokujua utaifungua barua umesimama jikoni na sufuria itaungua. Magoti yanasemaje? Na kile kikohozi? Mimi mzima. Meno yamebaki manne lakini yanafanya kazi ya kumi. Mwandishi ni mjukuu wetu: mimi nasema, yeye anabonyeza. Nimemwonya asinipambie maneno, akinitia ustaarabu nitajua.

Unajua anafanya kazi hospitali, chumba cha kumbukumbu. Miezi minne amekuwa akifukua majalada, ya zamani na mapya, ya wanawake walioletwa wamepigwa, au waliosemekana wameanguka. Ameyatia kwenye kompyuta, mtu mmoja mstari mmoja, bila majina. Nimeketi pembeni nikamsikia akisoma: sikio limekatwa kwa chupa. Mgongo, alama ya pasi, mara mbili. Meno sita. Maji ya moto. Taya. Huyo wa taya alirudi na mbavu, kisha akarudi amefunikwa shuka. Bodi ya hospitali inakutana Ijumaa, na inataka kukifunga chumba cha kuwahudumia wanawake hao, eti wanaokuja ni wachache. Ripoti isipotoka, kinafungwa.

Sasa ripoti yenyewe iko kwenye daftari la ndani ya kompyuta. Maelezo na hesabu vinakaa pamoja. Ukimaliza unabonyeza mara moja, daftari linajisoma toka juu hadi chini na kutoa ripoti nzima. Jumatano asubuhi akabonyeza. Likafika katikati, likagoma, likatema maandishi mekundu. Akijaribu kipande kimoja kimoja, vyote vinakubali. Akibonyeza lote, linakwama palepale. Akazima, akawasha. Akahamisha mafaili, akayarudisha. Kufika saa sita machozi yanamtoka, nami nikauliza kama hicho chombo kina mahali pa kupigwa kikasikia. Akasema bibi, vitu hivi havipigwi. Nikamwambia basi vina bahati kuliko watu ulionisomea.

Nikamuuliza ni kitu gani alikifanya pembeni bila kukiandika. Ndivyo wapishi wanavyotuponza: anakutajia kila kitu, anasahau kwamba chumvi alishaitia mapema. Akajipiga kofi la paji la uso. Akanieleza kwamba daftari likijisoma huanza na kichwa kitupu, halikumbuki ulilolifanya jana pembeni. Na yeye wiki iliyopita alimfuta mtu mmoja kwa mkono, kwa sababu mahali pa umri karani wa zamani hakuandika namba, aliandika neno. Kila daftari likianza upya, mtu yule anarudi na neno lake, na hesabu ya umri inagoma.

Akacheka, roho imemtulia. Akasema dawa ni nyepesi, ataandika humohumo daftarini kwamba mtu huyo afutwe, na ripoti itatoka kabla chai haijapoa. Nikamwambia kwanza anisomee anayefutwa. Akasoma: mwanamke. Umri, hajui. Mkono wa kushoto umevunjika mahali pawili. Sababu, alianguka. Ameletwa na wifi yake.

Nikamkamata kidole. Nikamwambia asinifute.

Ndiyo, wifi. Wewe ndiye uliyemwambia karani nimeteleza bafuni, nami nikanyamaza. Umri aliniuliza mwenyewe, na hata leo siujui. Sikuteleza. Kaka yako alinivunja kwa komeo la mlango, pigo la kwanza kwa sababu nilicheka na jirani, la pili kwa sababu nilijikinga lile la kwanza. Niliusikia mfupa kabla ya maumivu. Hilo ulilijua, maana damu ilikuwa kwenye komeo, na wewe ndiye uliyeifuta.

Usilolijua ni hili. Ule mguu kaka yako alioukokota mpaka kaburini haukugongwa na baiskeli. Wiki niliyotolewa plasta alilishika tena lile komeo. Mimi nilikuwa na mchi. Nilimpiga goti kwa mikono miwili, wa kushoto bado mwembamba kama kijiti, likalia kama kuni kavu. Nikasimama juu yake nikamwambia komeo likinyanyuka tena, mchi utapanda juu zaidi. Halikunyanyuka miaka ishirini na mitatu. Wewe ulikuja kumkanda, ukilia kwa kumhurumia, na mimi nikakuchemshia maji. Pigo silitakii msamaha. Nautaka kwa yale maji, maana niliyachemsha nikikuacha uamini ni baiskeli.

Mjukuu wetu ameandika daftarini kwamba asiyejua umri wake aachiwe nafasi wazi, lakini ahesabiwe. Akabonyeza. Likasoma toka juu hadi chini bila kukwaruza koo. Wanawake mia tatu na kumi na wawili. Asubuhi walikuwa mia tatu na kumi na mmoja.

Alichoandika karani hakibadilishwi, amesema. Basi Ijumaa saa nne nitasimama mbele ya bodi niuseme ukweli kwa mdomo wangu. Wataniuliza nani alikuwepo. Njoo au usije, sitakununia. Ila sikutaka uyasikie kwa watu. Kwenye kiti cha pembeni yangu nitaweka mkoba, na atakayetaka kuuondoa atanijua.

Wasalimie wanao wote, hata yule mkwe wako mvivu. Jipake dawa mbavuni, usidharau kikohozi.

Ni mimi wifi yako,
wa mkono uliopinda.