Jani la Bwana Yangu

Alhamisi, watoto wamelala.

Eti hajawahi kula pale! Bwana yangu aliniambia hivyo mulangoni kabisa mwa restora ya Mutamili mumoja, Muhindi wa kusini, pale Kavimvira, tulipotoka mpakani na njaa. Ni minye nilimuvuta tuingie, kwa sababu chakula pale iko bei chini.

Saa sita watu walijaa, madereva na wenye kubadilisha feza, tukabanana kwenye benchi. Wanakupakulia wali, dengu na muchuzi wa ukwaju juu ya jani la mugomba, unakula na mukono. Iko tamu, siwezi kudanganya.

Nilipomaliza, nikakunja jani langu kwa kulisukuma mbele. Mwenye restora akacheka.

"Mama, hivyo tunakunja kwenye matanga! Ukishiba, kunja kuja kwako."

Nikamugeukia bwana yangu ili tucheke wote. Jani lake lilikuwa limeshakunjwa, kuja kwake, vizuri kabisa.

"Weye, nani alikufundisha?"

"Niliangalia wengine."

Wengine gani? Meza yetu yote waliinuka wakaacha majani wazi.

Sijui jina la huyo mwanamuke aliyemufundisha. Sijui hata kama yuko. Lakini tangu saa sita ninamuona ameketi kwenye ile benchi, anamushika bwana yangu mukono, anamuonyesha.

Jioni nilipika sombe. Alikula, akasimama, akaacha sahani pale pale. Miaka kumi na moja ninamuomba aisogeze tu.

Yule alimuambia mara moja, akasikia.