Nywele za Kuficha Masikio

Nekesa mjukuu wangu, sasa? Huku mtaani Jericho tuko poa, nyanya yako anakusalimia na bado anapika kama ananikomoa.

Umeniuliza kama ufanyiwe operesheni ya masikio. Nikiwa kijana nauza mitumba, yangu nilikuwa nayaficha kwa afro, na daktari alikuwa ashakubali kuyarudisha nyuma. Halafu baba akafa. Kwetu tukishazika tunanyolewa, nikabaki kipara, masikio nje kama mabawa ya kumbikumbi.

Binamu yangu akacheka, "We Wafula, upepo ukija shika mti!"

Mama akayashika masikio yote mawili, akasema, "Kumbe mzee amebaki hapa."

Kwa daktari sikurudi. Wewe ukiamua wakate, sawa tu, utabaki Nekesa wangu. Lakini kwanza nitumie picha ya pembeni, nimwone baba.

Babu yako Wafula