Gari Linalowaka Likiwa Tupu

Jumamosi, 7 Juni

Nimeweka! Kwa mikono yangu mwenyewe! Rimoti ya kuwashia gari kutoka mbali — unabonyeza ukiwa jikoni, injini inanguruma uani. Nimeshinda chini ya usukani, shingo imepinda, kila waya nimeupa namba kwa kalamu nyekundu. Mwalimu wa hesabu hafanyi kazi ovyo. Mke wangu aliporudi kutoka kwa mama yake nikabonyeza mbele yake — vuuum! Akapiga makofi. Akauliza nani kaweka. Nikasema fundi mmoja wa mjini.

Sababu ya kusema hivyo naijua. Tangu ile pasi niliyoitengeneza ikaungua — na kabla ya pasi, ile kengele ya mlango iliyolia siku mbili mfululizo — mke wangu amenikataza kugusa waya. Nikigusa tena, ufunguo wa gari unakwenda kwa kaka yake na mimi natembea kwa miguu. Aliapa, na yeye akiapa ameapa. Basi, fundi mmoja wa mjini.

Jumapili, 8 Juni

Nimebonyeza. Limewaka sekunde mbili, likazima. Tena. Sekunde mbili, kimya.

Nimesoma karatasi ya maelekezo hadi mwisho (jana niliishia katikati, sitaki kusemwa). Kumbe ndani ya kichwa cha ufunguo kuna chipu, na gari lisipoisikia karibu na swichi linadhani linaibiwa (jana ufunguo wangu ulikuwa bado umechomekwa). Dawa yake ni kuuficha ufunguo wa akiba pale pale chini ya usukani. Nimeufunga kwa utepe mweusi. Vuuum! Halizimi! Najipa tisa kwa kumi.

Jumatatu, 9 Juni

Nilifurahi mapema.

Asubuhi nimewasha kwa rimoti, nimeingia kama bosi, nimekanyaga breki ili niweke gia — likazima. Karatasi inasema lazima kwanza uchomeke ufunguo na kuuzungusha, ndipo ukanyage breki. Haya. Nimechomeka ufunguo wangu. Limekataa. Nimezima kila kitu, nimeanza upya kwa ufunguo peke yake. Limekataa vilevile, taa ndogo ya ufunguo inanikonyeza.

Yaani likiwa tupu linawaka. Mtu akiingia linagoma. Gari halina ubovu wowote, ubovu ni mimi!

Nimekwenda shuleni kwa miguu. Nimemwambia mke wangu nataka mazoezi. Ametazama kitambi, akasema hongera.

Jumatano, 11 Juni

Mama mkwe amefika na mabegi yake mawili. Keshokutwa saa mbili asubuhi anatolewa mtoto wa jicho hospitali. Amengoja tangu mwezi wa pili, na akikosa siku yake anarudi mwisho wa foleni. Mke wangu ameuliza, utatupeleka, si ndiyo? Nikajibu tena kwa raha zenu, mtakuta ndani pameshapoa! Mdomo huu utaniponza.

Walipokuwa wanapiga soga sebuleni nimetoka kujaribu tena. Nimebadilisha betri ya rimoti. Nimesugua ufunguo kwa shati. Nimelibembeleza. Limewaka na kuzima mara nane, mpaka mama mkwe akaniita kutoka dirishani, akauliza, mkwe wangu, gari lina kwikwi? Nikasema linapumzika.

Alhamisi, 12 Juni

Nimesalimu amri. Nimemwita shemeji — huyo huyo kaka wa mke wangu, fundi umeme wa magari, niliyekuwa namkwepa tangu Jumamosi.

Akalala chini ya usukani. Hata dakika tatu hazikufika. Kumbe ule ufunguo niliouficha na huu wa mkononi zinaongea kwa pamoja pale kwenye swichi, gari halijui limsikilize nani. Ameutoa ule wa akiba, limewaka kwa ufunguo kama zamani. Nilitaka kumbusu.

Kisha akavuta waya mmoja kule chini. Akauliza fundi gani anaandika namba kwenye nyaya kama anasahihisha daftari. Mke wangu akainama, akaziangalia zile namba kwa muda. Kisha akanitazama mimi.

Shemeji akatoka ameshika waya wa breki. Utani umekwisha usoni. Nyaya zimesokotwa tu, akasema, hazikuchomelewa kwa risasi ya kuyeyusha, na utepe umeshaanza kuachia. Huu ungegusa bati la gari, gari lingeungua na mama yangu ndani. Ameutengeneza palepale. Akasema, kesho tukishamfikisha Mama, unanipeleka kwa huyo fundi wako.

Nimeona aibu. Aibu ya kweli. Nilifungua kinywa nikiri, na kinywa kikasema: tena alikuwa na kiburi, huyo!

Nimesema pia nimesahau mtaa wake. Shemeji akasema tutazunguka mpaka ukumbuke.

Ijumaa, 13 Juni

Naandika ndani ya gari, limeegeshwa. Mama tumemfikisha mapema, mke wangu amebaki naye, tutawafuata saa sita. Gari zima! Laiti siku ingeishia hapo.

Shemeji hajasahau. Tumezunguka mjini, kila kona ananiuliza, ni hapa? Hapana. Hapa je? Hapana. Mwishowe akauliza kwa sauti ya chini kama namlinda mtu. Nikaogopa, nikaonyesha kidole duka la kwanza lenye redio za magari dirishani. Sijawahi kuliona maishani mwangu! Hesabu yangu ilikuwa hivi: mwenye duka atakana, shemeji atachoka, tutakwenda zetu.

Ametoka mzee mmoja mwenye miwani, anapangusa mikono. Shemeji kamuuliza, kwa ule upole wake mbaya, kama rimoti ya gari hili kaweka yeye. Mzee akalitazama gari, akanitazama mimi, akatabasamu. Maskini, amedhani tumeleta sifa, na pengine gari la pili.

"Ndiyo! Kazi ya mikono yangu hiyo! Na huyu bwana ni mteja wangu wa siku nyingi."

Akanipungia mkono. Na mimi nikampungia!

Sasa shemeji anavua saa yake. Amenipa nimshikie, kupitia dirishani. Ninayo hapa juu ya daftari, ina joto la mkono wake bado. Mzee haoni kipigo kinachokuja, anaendelea kujisifu, na mimi nimekaa ndani nimefunga mkanda. Mtu mzima, mwalimu, baba wa watu.

Ngoja. Anasema haikuwa kazi ya kuumiza kichwa. Anasema ilimchukua dakika ishirini.

Dakika ishirini! Kazi ile niliyoifanya siku nzima! Mgongo wangu unauma mpaka leo! Nimefungua mlango. Mguu mmoja uko nje, na shemeji amegeuka ananitazama.